Kipokezi, Kungwi na Mpagazi: Istilahi za Kinga ya Mwili

Madhumuni ya makala haya ni mawili. La kwanza ni kueleza namna seli za kinga za mwili wa binadamu zinavyojenga vipokezi vyake na kuvisafirisha hadi kwenye utando wa nje. La pili ni kupima istilahi za Kiswahili zinazofaa kuieleza kazi hiyo, ili mwalimu, muuguzi na mfasiri wapate maneno ya kutumia bila ya kuyumba.

Pengine msomaji atauliza: mambo ya ndani ya seli yanamhusu nani nje ya maabara? Jibu twalipata Bagamoyo. Katika mji huo Taasisi ya Afya ya Ifakara ina tawi lake la utafiti, na kwa miaka mingi wakazi wa mji na vijiji vya jirani wameshiriki katika majaribio ya chanjo za malaria. Chanjo ya RTS,S ilijaribiwa kati ya mwaka 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na kwa upande wa Tanzania vituo vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Chanjo ya R21 nayo ilijaribiwa Bagamoyo kabla ya kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Oktoba 2023, miaka miwili baada ya ile ya kwanza.

Katika majaribio ya namna hiyo kila mzazi hutakiwa kutoa ridhaa yake baada ya kuelezwa jambo lenyewe kwa lugha anayoielewa. Lugha hiyo, katika pwani yetu, ni Kiswahili. Mzazi huyo huambiwa kwamba mwanawe atachanjwa, kwamba damu yake itatolewa na kupimwa, na kwamba wataalamu wanatazama kinga yake. Pwani hii ina hadithi za kale za mumiani, na habari ya kutolewa damu haisikilizwi kwa wepesi. Ikiwa maneno ya kuelezea hayakupangika vyema, ridhaa inayotolewa ni ridhaa ya jina tu. Kwa hiyo suala la istilahi hapa ni suala la haki ya mtu juu ya mwili wake na wa mwanawe.

Neno kinga na mizigo yake

Tuanze na neno kinga lenyewe. Neno hili katika matumizi ya siku zote limebeba mizigo mitatu. Mosi, ni uwezo wa mwili kupambana na vijidudu vya maradhi. Pili, ni tendo la kuzuia maradhi yasitokee, kama isemwavyo kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Tatu, ni kitu chochote cha kuzuia, mathalani chandarua.

Madhara ya kuchanganya maana hizi si madogo. Muuguzi akisema, “Mtoto wako atapata kinga ya malaria,” mzazi anaweza kufahamu kwamba amepewa ukuta usiopenyeka, na chandarua akakikunja. Ukweli ni kwamba kwa watoto walioanza kuchanjwa RTS,S wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote 4, ugonjwa wa malaria ulipungua kwa kiasi cha asilimia 36 katika muda wa miaka 4 hivi. Maana yake ni kwamba mahali ambapo watoto wangeugua mara 100, waliugua mara 64. Katika jaribio la R21, maeneo yenye malaria mwaka mzima, Bagamoyo ikiwamo, yalipata ufanisi wa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza. Hayo ni mafanikio makubwa, lakini si ukuta.

Twapendekeza basi kwamba uwezo wa mwili uitwe kinga ya mwili. Tendo la kuzuia maradhi liitwe uzuiaji. Na kiwango cha chanjo kufanya kazi kiitwe ufanisi wa chanjo. Chandarua na kiitwe chandarua.

Hata hivyo, asili ya neno kinga yatusaidia. Kitenzi kukinga kina maana mbili ambazo huenda pamoja. Mtu hukinga mvua kwa mwavuli, yaani huizuia. Na mtu hukinga maji ya mvua kwa mtungi, yaani huyapokea. Seli za kinga ya mwili hufanya yote mawili: haziwezi kuzuia kitu mpaka kwanza zimekipokea na kukitambua. Chombo cha kupokelea ndicho hicho tunachotaka kukieleza.

Kipokezi au kipokeo?

Seli ni chembe hai iliyo ndogo mno, ambayo imezungukwa na utando. Juu ya utando huo zimechomoza protini zenye umbo maalumu ambazo hushikana na kitu maalumu, kama ufunguo na kufuli yake. Protini hizo wapo waliozipa jina la kipokeo, na wapo waliozipa jina la kipokezi.

Maneno yote mawili yametokana na kitenzi kupokea, na yote yameundwa kwa kufuata kanuni za lugha. Lakini kipokeo kina kazi tayari: katika ushairi ni mstari unaorudiwa na waitikiaji, sawa na kiitikio au kibwagizo. Kipokezi hakina mzigo huo. Tena kiambishi tamati -zi hutaja mtendaji, kama tuonavyo katika kinyozi kutokana na kunyoa. Nayo protini hii ni mtendaji hasa, kwa kuwa ikishashika kitu hupeleka habari ndani ya seli. Kwa sababu hizo twachagua kipokezi.

Seli za kinga zenye vipokezi vya namna ya pekee ni za aina mbili, seli B na seli T. Herufi T imetokana na thimasi, tezi iliyo kifuani ambamo seli hizo hukomaa. Herufi B imetokana na jina la kifuko cha ndege ambamo seli za aina ya pili zilitambuliwa kwanza. Katika Kiswahili herufi hizi hazidokezi maana yoyote, lakini kuzibadili kungemtenga msomaji wetu na maandishi ya dunia nzima. Na zibaki kama zilivyo.

Kusuka mnyororo

Kila kipokezi hujengwa kwa minyororo ya asidi amino. Kipokezi cha seli B kina minyororo mizito 2 na myepesi 2. Maelekezo ya kujenga minyororo hiyo yamo katika jeni, ndani ya kiini cha seli.

Hapa pana ajabu moja. Vijidudu vya duniani ni vya aina zisizohesabika, wala mwili haungeweza kuwa na jeni moja kwa kila kijidudu. Mwaka 1976 Susumu Tonegawa alionyesha jinsi mwili unavyolitatua tatizo hili: jeni za vipokezi zimehifadhiwa katika vipande, na kila seli B inapokomaa huchagua vipande vichache na kuviunga. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987. Msusi wa mikeka atalielewa jambo hili mara moja. Mbele yake ana mafungu ya miyaa iliyotiwa rangi. Huchagua mwaa mmoja katika fungu hili na mwingine katika fungu lile, na kwa mafungu machache hutoa mikeka isiyofanana. Ndivyo mnyororo mzito unavyochagua kipande kimoja katika kila moja ya mafungu matatu, na mnyororo mwepesi katika mafungu mawili. Kwa kazi hii twapendekeza neno uungaji wa vipande vya jeni.

Maelekezo yakishaungwa hunakiliwa, na nakala hutoka nje ya kiini hadi kwenye ribosomu, ambazo ni karakana ndogo za kutengeneza protini. Neno ribosomu limetoholewa, na utohozi huu wafaa, maana hakuna kitu katika maisha ya kila siku kinachofanana nacho. Mwanzo wa mnyororo unapochomoza katika ribosomu huwa una kipande kifupi ambacho ni kama anwani juu ya bahasha. Anwani hiyo huielekeza ribosomu kwenye mifereji ya ndani ya seli, na mnyororo huingizwa humo wakati ungali ukiundwa. Günter Blobel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kugundua kwamba protini hubeba anwani zake zenyewe. Neno anwani li tayari katika Kiswahili. Hatuoni haja ya kutafuta jingine.

Kungwi ndani ya mifereji

Mnyororo uliokwisha kuundwa bado si kipokezi. Ni lazima ukunjwe katika umbo lake, uunganishwe na wenzake, na ukaguliwe. Kazi hii husimamiwa na protini nyingine ambazo hazimo katika kipokezi chenyewe. Huushika mnyororo mchanga, huuzuia usishikane ovyo na mingine, na huuachilia tu umbo lake linapotimia. Mwaka 1983 wachunguzi walieleza protini ya namna hii inayoushika mnyororo mzito wa seli B na kuuweka ndani mpaka mnyororo mwepesi ufike.

Protini hizi ziitweje? Wapo wanaosema protini wasindikizaji. Lakini msindikizaji kwa desturi huandamana na mgeni njiani, hali protini hizi hubaki ndani na humwacha mwenzao aende zake. Sisi twaona kwamba pwani ina neno lililo karibu zaidi, nalo ni kungwi. Miongoni mwa Wazaramo na Wakwere, mwali huwekwa ndani, akafundwa na kungwi wake, na hatoki mpaka amekuwa tayari. Siku ya kutoka, kungwi hafungamani naye tena. Kazi yake imekwisha, na huenda kumfunda mwingine. Hivyo ndivyo hasa protini hizi zifanyavyo. Twapendekeza basi protini kungwi.

Mnyororo usiokunjika vyema hautoki. Huondolewa katika mifereji na kukatwakatwa, na asidi amino zake hutumika tena. Ukaguzi huu ni mkali zaidi katika seli T. Kipokezi cha seli T kilicho kamili kina minyororo 8: alfa na beta ambazo hutambua kitu kigeni, na mingine 6 ambayo hupeleka habari ndani. Mnyororo wa zeta huungana na wenzake mwisho kabisa. Ukikosekana, sehemu kubwa ya vipokezi pungufu hupelekwa kwenye laisosomu, yaani vifuko vya kuyeyushia taka za seli, kabla ya kufika nje. Sababu ya ukali huu ni dhahiri: kipokezi kinachoshika bila ya kupeleka habari, au kinachopeleka habari bila ya kushika, ni hatari kwa mwili mzima.

Katika damu ya binadamu zimo pia seli T chache ambazo badala ya alfa na beta zina minyororo ya gama na delta. Seli hizo zilichunguzwa katika damu ya Watanzania waliojitolea kuambukizwa malaria chini ya uangalizi wa madaktari, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Kwa hiyo haya tunayoyaeleza yamekwisha kutazamwa katika damu ya watu wetu.

Safari ya kwenda utandoni

Kipokezi kilichopita ukaguzi hutiwa katika kijifuko kinachochipuka kutoka kwenye mifereji. Baadhi ya waandishi hukiita kilengelenge, kwa vile umbo lake ni duara na kimejaa majimaji. Umbo ni sawa, lakini kilengelenge ni alama ya kuungua au ya maradhi, na mwanafunzi atadhani seli ni mgonjwa. Kijifuko kinatosha.

Kijifuko hupeleka shehena yake kwenye vifuko vya Golgi, vilivyopewa jina la Camillo Golgi aliyevieleza mwaka 1898. Huko minyororo ya sukari iliyobandikwa kwenye kipokezi hupunguzwa na kurekebishwa, na kila shehena hupangiwa mwisho wa safari yake. Mtu aliyezoea bandari atasema kwamba hii ni forodha. Twakubali mfano huo katika maelezo, lakini si katika istilahi, kwa sababu jina la Golgi ni la kimataifa.

Kutoka hapo vijifuko vingine hubebwa kuelekea kwenye utando. Havielei ovyo. Hukokotwa juu ya vijibomba vyembamba na protini zenye kitu kama miguu miwili, ambazo hupiga hatua moja baada ya nyingine na kutumia nishati ya seli kwa kila hatua. Kwa hizi twapendekeza protini mpagazi. Bagamoyo ni mahali ambapo neno mpagazi halihitaji kufasiriwa: katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kutoka bara iliishia hapo, na wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira. Yatupasa kukumbuka pia kwamba njia hiyohiyo ilipitisha watumwa. Ndiyo sababu twachagua mpagazi, neno la kazi iliyokuwa na heshima na ujira wake, wala si neno jingine lolote la misafara ile.

Kijifuko kikifika hakina budi kuungana na utando. Protini za kijifuko na protini za utando husokotana kama nyuzi za kamba ya usumba, na msokoto huo huzivuta tando mbili mpaka zikawa moja. Hapo kipokezi hujikuta nje, kichwa chake kikiielekea damu na mkia wake ukibaki ndani ya seli. George Palade alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 kwa kazi iliyoonyesha njia hii ya protini, na mwaka 2013 James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof walituzwa kwa kueleza jinsi vijifuko vinavyojua mahali pa kushusha. Kwa tendo hilo la mwisho neno utiaji gati lafaa sana.

Kinga na kinga

Seli T moja huwa na vipokezi 30,000 hivi juu yake. Havikai tu, daima vingine huzamishwa ndani na kurudishwa juu, kama kikosi kinachopokezana zamu. Seli inapokutana na kitu inachokitambua, vipokezi hukusanyika mahali pa mgusano, na vingine hupelekwa huko na wapagazi kutoka ndani. Kipokezi kimoja kilicho peke yake hakiamshi seli kwa urahisi. Wazee wetu walisema kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na ijapokuwa kinga hicho cha methali ni kijinga cha moto, maana yake yakubaliana na elimu hii.

Seli B nayo, ikiamshwa na kukomaa, hufanya badiliko moja dogo lenye matokeo makubwa. Nakala ya maelekezo hukatwa mahali pengine, mnyororo mzito ukaundwa bila ya mkia wa kuushikilia utandoni. Njia ya kujengwa na kusafirishwa ni ileile, lakini kipokezi kikifika nje hakina cha kukishikiza, na huenda zake katika damu. Hicho ndicho kiitwacho kingamwili. Yaani kingamwili ni kipokezi cha seli B kilichoachiliwa.

Tatizo la istilahi hii ni la sikio. Kingamwili na kinga ya mwili yakisemwa haraka hayatofautiki. Wapo waliopendekeza fingomwili, kutokana na fingo, ambalo ni kago linalofukiwa ili kulinda nyumba au shamba. Neno hilo latofautika vizuri, lakini kulileta kago katika zahanati ni kuukaribisha utata mwingine. Sisi twashauri kwamba katika maandishi kingamwili libaki, na katika mazungumzo na wagonjwa isemwe protini za kingamwili.

Kipokezi kinapomfaa adui

Isidhaniwe kwamba kila kipokezi ni cha kinga. Kijidudu cha malaria huingia katika seli nyekundu za damu kwa kushikana na vipokezi vyake. Watu wengi wa Afrika ya kusini ya Sahara hawana juu ya seli zao nyekundu kipokezi kiitwacho Duffy, na kwa sababu hiyo malaria ya aina ya vivaksi huwapata kwa nadra. Malaria ya aina ya falsiparamu, iliyo kali na iliyozagaa kwetu, hutumia protini iitwayo RH5 kushikana na kipokezi kingine, kiitwacho basijini. Chanjo inayolenga RH5, ili kingamwili zizuie mshikano huo, ilianza kujaribiwa kwa mara ya kwanza barani Afrika mwaka 2021, na mahali penyewe palikuwa Bagamoyo.

Kwa hiyo maana ya kipokezi katika kamusi isifungwe kwenye kinga. Twapendekeza iandikwe hivi: kipokezi ni protini ya seli inayoshikana na kitu maalumu na kuleta badiliko au kutoa njia.

Istilahi tulizozijadili zaweza kukusanywa kama ifuatavyo:

kinga ya mwili: uwezo wa mwili kutambua na kupambana na vitu vigeni.
ufanisi wa chanjo: kiasi ambacho chanjo hupunguza ugonjwa kwa waliochanjwa.
uungaji wa vipande vya jeni: tendo la kuunda maelekezo ya kipokezi kutokana na vipande.
protini kungwi: protini inayosimamia ukunjaji wa nyingine kisha ikaiachilia.
kijifuko: mfuko mdogo wa kuchukulia shehena ndani ya seli.
protini mpagazi: protini inayokokota vijifuko juu ya vijibomba.
utiaji gati: tendo la kijifuko kushikana na utando kilikokusudiwa.
kingamwili: kipokezi cha seli B kilichoachiliwa katika damu.

Kipimo cha istilahi hizi hakimo katika orodha. Muuguzi na ajaribu kuzitumia mbele ya mzazi aliyempakata mwanawe, kisha amwombe mzazi aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichokisikia. Neno litakalorudi na maana yake kamili ndilo la kusanifiwa. Na litakalorudi limepotoka, hata likiwa limeundwa kwa kanuni zote za sarufi, yafaa tulirudishe mezani.